Mfupa Tuliousalia

"Somoe, hawa walipokufa, nani aliwazika?"

Mama yangu ndiye aliyeniuliza hivyo. Alikuwa amesimama ukingoni mwa shimo, kikapu cha ming'oko, vile viazi vya porini, kichwani, akitazama mbavu zilizolala chini kama mapaa ya nyumba iliyobomoka. Mimi nilikuwa ndani ya shimo, udongo umenifika viwikoni. Nilikuwa na miezi mitatu kazini na tayari nilijiona fundi. Sikujua. Aliyekuwa karibu nami naye hakujua.

Vijana wangu, mmeniomba niwaandikie jinsi tulivyofanya kazi Tendaguru zamani za Mjerumani, maana nanyi mnataka kwenda kuchimba na mmesikia kwamba kuna bibi hapa Lindi ambaye bado anakumbuka. Nakumbuka. Ila sikumbuki kwa mpangilio, kwa hiyo nitakavyokumbuka ndivyo nitakavyoandika.

Naanza na udongo, maana udongo ndio uliokuwa kazi yangu. Wanaume walichimba, wanaume wengine wakabeba mizigo hadi Lindi, mwendo wa siku nne kwa miguu. Baina yao tulikuwepo sisi wanawake wachache, wafungaji. Mfupa wa kale, wa wale wanyama wakubwa ambao Wajerumani waliwaita mijusi, ni kitu cha ajabu: mzito kama jiwe lakini dhaifu kama mkate mkavu. Ukiuinua ovyo unabaki na makombo. Kwa hiyo kabla haujatoka shimoni tuliufunga. Kwanza kitambaa kilicholoweshwa gundi ya miti. Kisha udongo mwekundu, uliochekechwa na kukandwa pamoja na nyasi zilizokatwa fupi, urefu wa kidole. Kisha vipande vya mwanzi kandokando, kama unavyomfunga mtu aliyevunjika mguu, halafu kamba. Mwishoni mnapindua, mnafunga upande wa chini. Aliyewahi kukandika nyumba anaijua nusu ya kazi hii. Nusu iliyobaki ni subira.

Walipoanza, wenyewe wazungu hawakutaka udongo wetu. Walileta magunia ya unga mweupe kutoka Ulaya, ambao ukiukoroga na maji unaganda kama saruji. Dawa nzuri kweli. Lakini wapagazi walivuka nayo mto njiani, gunia moja likaanguka majini, wakaliopoa upesi wakidhani wameliokoa. Lilipofika kambini lilikuwa jiwe lenye umbo la gunia, hadi mishono ilionekana. Mnyapara wetu, Sefu, akalizungusha, akaligonga kwa fimbo, akalikalia. Lilibaki kuwa kiti chake kwa siku zote za kazi ile. Baada ya hapo wakaja kwetu: "Nyinyi kina mama, nyumba zenu mnakandika na nini?"

Aliyenifundisha ni Bi Mwanaidi, mwanamke wa Kikole, upande wa Kilwa. Vita vile vya kupigana na Mjerumani vilimtupa kwetu akiwa hana kitu ila kanga moja na ufundi wake, na ufundi wake ulikuwa kuosha maiti wa kike. Alikuwa mtu wa mzaha kuliko watu wote niliowahi kufanya nao kazi. Siku ya kwanza alipoonyeshwa mfupa wa paja uliomzidi yeye urefu, aliuzunguka, akaupima kwa mikono, akasema, "Huyu sanda yake gora zima la nguo halitoshi. Na nani atambeba? Jeneza lake si mnazi?"

Bwana mmoja wa Kijerumani, ambaye tulimwita Bwana Burashi kwa sababu burashi haikumtoka mkononi hata alipokula, akauliza kwa nini watu wanacheka. Sefu akamwambia, "Wanafurahia kazi, Bwana."

Kosa langu la kwanza lilikuwa jua. Nilikuwa nimefunga mfupa mzuri wa mkono, nikaona udongo unachelewa kukauka, nikausogeza juani. Kufikia alasiri udongo ulikuwa umepasuka, na mfupa umepasuka nao. Bi Mwanaidi alitandaza kitambaa chini. Kisha akaniketisha tukaanza kuokota.

"Hesabu vipande," akasema.

"Kumi na saba, Bi."

"Mwenyewe alikaa chini ya ardhi tangu enzi ambazo hakuna anayezijua, hakupasuka. Umemtoa wewe, siku moja, kumi na saba. Sasa kamvumbike kivulini, na ukae naye huko huko mpaka uone aibu."

Nikakaa naye. Tangu siku hiyo sijakausha kitu chochote juani bila kufikiri mara mbili, hata samaki.

Jambo la pili alilonifundisha ni kupima kwa kinywa. Msicheke. Katika korongo lenye mawe elfu, utajuaje lipi ni jiwe na upi ni mfupa? Unagusisha ulimi. Jiwe halikushiki. Mfupa wa kale una vitundu vidogo usivyoviona, nao unaunasa ulimi kama kigae kikavu. Halafu utajuaje kwamba mfupa huu ni wa kale, si wa ng'ombe aliyekufa mwaka jana? Unaugongesha kwenye jino. Mfupa wa juzi unatoa sauti nyororo, na mkononi ni mwepesi. Wa kale unalia kama chungu kilichochomwa vizuri. Ulimi na jino, basi. Bwana Burashi alikuwa na vioo na mizani, lakini nilimwona kwa macho yangu akigeuka upande, akaulamba mfupa kwanza, kisha ndipo akatoa kioo.

Sasa niwaambie habari za mwezi wa Ramadhani, maana huko ndiko ninakokwenda.

Kazi ilifanyika kiangazi, na mwaka ule Ramadhani ikaangukia kiangazi. Wengi wetu tulifunga. Mwalimu wa chuo cha Kurani pale kijijini alisema kuchimba si kosa na kubeba si kosa, ila kuweka udongo ulimini mchana si jambo la mtu aliyefunga. Basi kulamba kukakoma. Bwana Burashi akalalamika: mawe yanafungwa, wapagazi wanabeba mawe. Akataka walau wanawake ambao hawakufunga siku hiyo wafanye kazi ya kulamba.

Bi Mwanaidi akacheka hadi akashika mbavu. "Mwambie Bwana," akamwambia Sefu, "mwanamke atakayelamba mfupa mwezi huu amepiga mbiu kijiji kizima kwamba yuko katika siku zake. Alambe yeye mwenyewe!"

"Nitamwambia nini mimi?" Sefu akauliza, jasho likimtoka.

"Mwambie tunafurahia kazi."

Hakuna mwanamke aliyelamba. Mwezi mzima tulipima kwa macho na kwa kubahatisha.

Sasa lazima mjue habari za baba yangu. Alikuwa mrina asali, jina lake Hamisi. Wakati watu walipochoka na kodi, na kulima pamba ya wengine, na viboko, yalikuja yale maji ya dawa. Waliyanywa, walijipaka, waliambiwa risasi za Mjerumani zitageuka maji. Baba alirudi jioni moja uso unang'aa. Mimi nilikuwa mtoto mwenye mdomo. Nikamuuliza, "Baba, mmeyajaribu kwa mbuzi kwanza?"

Mama alinizaba kibao. Baba alicheka. Akasema, "Huyu atawasumbua walimu." Hakunijibu. Kesho yake asubuhi aliondoka na wenzake, akichechemea kidogo kama kawaida yake, maana aliwahi kuanguka kutoka juu ya mti wa mzinga, ule mfupa wa mbele wa mguu ukavunjika, ukaunga ukiwa na kinundu kikubwa kama fundo la muwa. Hakurudi. Askari walipita wakachoma maghala, ikaja njaa, tukala ming'oko ya porini mpaka meno yakawa meusi. Hata vita vilipokwisha, hakurudi. Si yeye wala habari zake.

Ndugu yake mama, Mjomba Athumani, alikuwa Rondo, juu kwenye uwanda, ambako mvua hazikukatika na moto wa askari haukufika shambani kwake. Kila mwaka alikuja kumwita.

"Dada, utakufa hapa. Shamba liko, nyumba nitakujengea. Twende."

"Siwezi kuondoka nyumbani kwa mume wangu bila ruhusa yake."

"Ruhusa utaipata wapi? Hamisi amek—"

"Umemwona?" Mama alikuwa akimkata hapo hapo. "Umemzika wewe? Akirudi akikuta nyumba tupu, atasema nilimkimbia."

Mjomba alikwenda hadi kwa Mwalimu, akamwomba aseme neno. Mwalimu akasema hana maiti, hana shahidi, yeye ni nani hata aseme mtu amekufa? Basi mama akabaki si mke, si mjane. Hakukaa eda, wala baba hakusomewa hitima. Alikonda. Miaka minne mlango wetu haukufungwa kwa komeo usiku, na hapo palikuwa na fisi. Ilipofika mwaka ule ninaousema, alikuwa akitapika kila anachokula ila uji, na mimi nilijua kwamba asipokwenda Rondo kabla ya masika nitamzika yeye.

Katikati ya Ramadhani nilitumwa korongoni kuchota udongo mwekundu. Lilikuwa korongo dogo kaskazini ya kambi, mvua za mwaka uliotangulia zimeula ukuta wake. Nikachota kapu la kwanza. La pili nikaona kitu kimetokeza. Nikakisafisha kwa kidole. Mfupa wa mguu, ule wa mbele, urefu kama wa mguu wa mtu. Vichwa vyake vyote viwili vilikuwa vimemomonyoka. Katikati palikuwa na kinundu.

Nilikaa chini.

Niwaambie ukweli, kwa kuwa mnaingia kazi ambayo haifai kitu bila ukweli. Niliuinua nikaona ni mzito. Nikajiambia, ni udongo umeugandamia. Niliona rangi yake ya kutu. Nikajiambia, udongo wa hapa ni mwekundu. Kuulamba nisingeweza, nimefunga. Lakini magharibi niliftari kwa uji na tende mbili, mfupa ukiwa ndani ya kapu langu, umefunikwa kanga, hatua tatu kutoka nilipokaa. Ulimi ulikuwa wangu, jino langu, na saumu imekwisha. Sikuugusa. Yule mtoto aliyetaka maji yajaribiwe kwa mbuzi alikuwa wapi? Sijui. Alikuwa anamtaka baba yake.

Nikaupeleka nyumbani. Mama aliushika, akapitisha kidole gumba juu ya kinundu, mara moja, mara mbili. Hakulia. Akasema tu, "Mwite Mwalimu."

Mwalimu alikuja, akauliza ulipatikana wapi, nikamwambia. Akasema kiungo cha Muislamu aliyekufa huoshwa, huvishwa sanda, husaliwa. Wanaume wakauosha, kwa sababu maiti wa kiume huoshwa na wanaume. Na hapa nataka muone jinsi kosa linavyojijenga lenyewe. Watu wawili tu kijijini wangeutambua mfupa ule kwa kuushika: Sefu mnyapara, naye alikuwa njiani na msafara wa Lindi, na Bi Mwanaidi, aliyejua mifupa ya watu na mifupa ya shimoni kuliko mtu yeyote. Bi Mwanaidi alikaa nyuma ya nyumba pamoja na wanawake, akitoa pole. Hangeweza kumwosha mwanamume. Waliouosha ni mwalimu wa chuo, seremala na mkulima wa mtama, watu wema watatu ambao hawajawahi kushika hata kidole cha mnyama wa Tendaguru.

Tukamzika, Mwalimu akamsomea talakini pale kaburini. Mama akaanza eda yake, miezi minne na siku kumi. Usiku ule wa kwanza alifunga mlango kwa komeo. Wiki ya pili alikula ugali, ukakaa tumboni.

Idi ikapita. Nikarudi kazini nikiwa mwepesi. Bwana Burashi alikuwa amelipenda lile korongo, ameona vipande, akataka shimo lichimbwe pale. Siku ya tatu tukafikia tabaka la mifupa. Haikuwa mikubwa. Ilikuwa midogo, mingi, imelaliana kama kuni baada ya mafuriko: migongo, vidole, mapaja. Na miguu. Ule mfupa wa mbele, urefu kama wa mguu wa mtu. Nikauona mmoja, nikauona wa pili. Nikaacha kuhesabu nilipofika ishirini. Baba yangu alikuwa na miguu miwili.

Nilichukua mmoja, nikaugusisha ulimi. Ulimi ukanasa. Nikaugonga kwenye jino, ukalia kama chungu.

Bi Mwanaidi alikuwa ananitazama. Alikuja akaketi kando yangu, akachukua mfupa, akaupima mkononi juu chini, akaelewa yote bila kuambiwa.

"Ee Mola," akasema polepole. "Tumemsomea talakini mjusi."

Kisha akaniziba mdomo kwa mkono wake wenye udongo, maana nilikuwa nimeanza kucheka, na kicheko kile hakikuwa kizuri.

"Nimwambie?" nikamuuliza.

"Mimi ningenyamaza," akasema. "Mama yako anakula. Lakini wewe hutaweza. Wewe ukiona chungu lazima ufunue. Basi kamwambie mwenyewe kabla hajaambiwa na Sefu, maana Sefu akijua, hata wapagazi wataimba."

Nilikwenda jioni hiyo hiyo. Mama alikuwa ndani, kwenye mkeka wa eda, amevaa kaniki. Nikapiga magoti, nikamweleza: ulimi, jino, ile miguu ishirini. Sikumficha hata ile magharibi ya tende mbili.

Nilisikia kinu kikitwangwa nyumba ya jirani.

"Kwa hiyo Mwalimu," akasema hatimaye, "na kilemba chake kile..."

"Ndiyo, mama."

"Na seremala aliyetuomba tusimsahau katika dua..."

"Ndiyo."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Nikadhani analia, na kweli alikuwa analia, ila alikuwa anacheka pia, kanga mdomoni ili majirani wasisikie mjane akicheka. Alipotulia akanivuta nikalaza kichwa pajani kwake, jambo ambalo hakulifanya tangu baba aondoke.

"Mwanangu, ile siku nilipoushika nilijua si wake," akasema. "Kinundu cha baba yako nilikikanda kwa mafuta ya nyonyo miezi mitatu. Chake kilikuwa upande wa ndani."

"Basi kwa nini ulisema aitwe Mwalimu?"

"Kwa sababu miaka minne hakuna mtu aliyeweza kusema mbele yangu kwamba Hamisi amekufa. Kaka yangu akianza, nilimkata. Mwalimu aliogopa. Wewe ulipoingia na kapu lile, nilikutazama usoni, nikaona kwamba wewe umekwisha kukubali. Nikasema, basi, kama mwenye maswali amekubali, na mimi nani?"

"Lakini Mwalimu alitaka ushahidi. Ushahidi wenyewe haupo."

"Niache nimalize eda yangu," akasema. "Mwalimu nitamwambia mwenyewe nikitoka. Akisema nirudi kungoja, atakuja yeye kukaa mlangoni na fisi."

Alimwambia kweli. Sijui walizungumza nini. Nilichosikia ni kwamba Mwalimu aliuliza ni miaka mingapi, akahesabu kwa vidole wale wote walioondoka asubuhi ile pamoja na baba, ambao hakurudi hata mmoja. Akasema, "Nenda kwa kaka yako." Na hitima ya baba akaisoma upya, safari hii bila mfupa. Alipopita karibu na kambi baada ya hapo alikuwa akitazama upande mwingine. Nami sikumtania kamwe, ingawa Bi Mwanaidi alinishawishi sana.

Mmeona sasa kwa nini nasisitiza kupima. Mnachokitaka sana, kipimeni mara tatu.

Narudi kwenye kazi. Kuhusu wanyama wenyewe, siku zile tuliokota habari kama kuku anavyookota. Bwana Burashi alisema, kwa Kiswahili chake cha kukatakata, "Nyama hii zamani sana. Zamani mbele ya watu."

"Anasema nini?" wapagazi wakamuuliza Sefu.

"Anasema waliishi kabla ya kodi."

"Basi waliishi kwa raha!"

Mimi sikucheka. Niliendelea kumsumbua: mbele ya watu kiasi gani? Mbele ya Nuhu? Mbele ya Adamu? Na kama hapakuwa na mtu, nani alijua kwamba siku imepita? Alikuna kichwa kwa burashi. Akaniambia kwamba kati ya mifupa kuna makome ya baharini, hata pale juu, mwendo wa siku nne kutoka pwani. Kwa hiyo bahari ilikuja, ikaenda, ikaja tena. Makome nilikuwa nimeyaona kwa macho yangu, mengine nimeyafunga udongo kwa mikono yangu. Hilo nilikubali. Mengine niliyaweka.

Niliyaweka kwa zaidi ya miaka hamsini. Mjukuu wangu Rehema ndiye aliyenitolea majibu, naye anasoma habari za miamba chuo kikuu. Nilimwambia asinitajie mamilioni, maana mamilioni hayanisaidii. Anipe kitu ninachokijua. Akafikiri, akasema, "Bibi, chukua ile safari ya wapagazi, Tendaguru hadi Lindi, siku nne. Tuseme dunia inazaliwa wanapoinua mizigo asubuhi ya kwanza. Siku ya kwanza yote, hakuna mnyama. Ya pili, hakuna. Ya tatu, vijidudu tu majini. Siku ya nne imekwisha kuchelewa, wanaona minazi ya mjini, imebaki saa moja tu kufika ghalani: hapo ndipo anaishi yule mnyama mliyemzika."

"Na watu?"

"Mpagazi ameingia ghalani, anainama atue mzigo. Hapo."

"Na vita? Na baba?"

Aliniangalia, akaona siulizi kwa mzaha. "Bibi, hapo hata kope hajapepesa."

Nikamuuliza na kabla ya asubuhi ya kwanza kulikuwa na nini. Akasema kulikuwa na nyota, zilizowaka zikafa kabla jua letu halijawa jua, na chokaa iliyomo ndani ya mifupa ilipikwa humo. Tanuri la chokaa nalijua; hapa pwani tumechoma matumbawe tangu enzi za wazee wa Kilwa. Nikamwambia, "Kwa hiyo mfupa wa baba yangu na wa yule mjusi ni wa tanuri moja?" Akasema ndivyo. Nilimtaka anionyeshe wamejuaje, akanionyesha vitabu, nikamwambia sijaridhika lakini aendelee. Nanyi msiridhike. Ila muendelee.

Nimalizie na siku mama alipohama. Mjomba Athumani alikuja na vijana wawili kubeba vyombo. Masika yalikuwa yamekwisha kuanza, njia ina matope, naye alikuwa na haraka. Mama akasema ngojeni, akaniita mimi peke yangu, tukaenda kaburini.

Alikuwa ameshajua ni nani aliyelala pale. Nilitazamia ataaga mahali tu, kama mtu anavyoaga nyumba. Lakini alikuwa na kitu ndani ya upindo wa kanga: mrehani, na maua ya manjano ya porini aliyoyachuma njiani, yale yanayoota mvua ikianza. Akachuchumaa akayapanga juu ya udongo, kichwani mpaka miguuni, taratibu, kama mtu mwenye siku nzima.

"Mama, huyu ni mnyama," nikamwambia.

"Najua. Alivunjika mguu, akaendelea kutembea mpaka ukaunga," akasema. "Na ametusaidia. Unadhani atayapenda?"

"Sijui."

"Wewe hujui? Leo mvua itanyesha mawe." Akasimama, akakung'uta magoti, tukarudi kwa Mjomba. Mwaka ule alivuna mtama Rondo, na aliishi huko hadi akanilelea wanangu wawili.

Jambo hili Rehema aliniambia mwaka jana tu, nilipomsimulia habari ya maua yale. Alisema enzi za mnyama yule kulikuwa na miti mirefu, kulikuwa na wanyama warukao na mvua na mito kama Mbemkuru, lakini mahali popote duniani, bara wala pwani, kulikuwa hakujachanua bado ua hata moja.